Damu Katika Mzizi wa Mkunde

Mkulima ang'oaye mkunde kwa taratibu, baada ya mvua kuilainisha ardhi, huona mizizini vinundu vya mviringo, vingine vidogo kama punje za mtama, ambavyo aghalabu huvidhania kuwa ni ugonjwa. Lakini akikipasua kimoja kwa ukucha, hukuta ndani yake wekundu mfano wa nyama mbichi. Wekundu huo ni dalili ya afya, na ni shahidi wa ubia wa kale baina ya mmea na bakteria wa udongoni, ubia ambao masharti yake yameandikwa katika jeni za pande zote mbili.

Sababu ya ubia huo ni njaa katikati ya neema. Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, na hapana kiumbe kiwezacho kujenga protini bila ya hiyo. Walakini atomu zake huenda mbili mbili, zimefungamana kwa vifungo vitatu, na mmea hauna uwezo wa kuzitenganisha, hata ukawa kama baharia afaye kwa kiu juu ya maji ya chumvi. Viwanda vya mbolea ya chumvichumvi huvivunja vifungo hivyo kwa joto la digrii 400 na zaidi, na kwa mkandamizo unaoushinda ule wa hewa zaidi ya mara 100. Bakteria huvivunja katika ubaridi wa udongo, bila moshi wala kelele. Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel alitangaza mjini Berlin kwamba jamii ya kunde huipata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vinundu hivyo, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe na kuwaotesha pasipo mmea.

Mmea na bakteria hujuana gizani kwa adabu iliyo kinyume cha ada yetu, kwa kuwa mwenyeji ndiye asemaye karibu kabla mgeni hajapiga hodi. Mzizi ulioishiwa na naitrojeni hutoa udongoni kemikali ziitwazo flavonoidi; bakteria aliye mwafaka anayo protini iitwayo NodD, ambayo, ikizitambua kemikali hizo, huziamsha jeni za nod zilizokuwa zimelala, nazo zikaunda hodi yake: mnyororo mfupi wa sukari wenye mkia wa mafuta. Hodi ikikubaliwa, unywele wa mzizi hujikunja ukamkumbatia mgeni, ukamfungulia ujia mwembamba wa kupitia, na seli za ndani zikaanza kugawanyika ili kumjengea nyumba. Tofauti ndogo tu katika umbo la mnyororo huo yatosha kumfanya bakteria apokewaye na mmea mmoja afukuzwe mlangoni pa mwingine.

Bakteria akiisha kutulia, jeni zake za nif hushika zamu, zikaunda kimeng'enya kiitwacho naitrojenasi, chenye chuma na molibdeni ndani yake, ambacho huigeuza naitrojeni kuwa amonia. Kazi hiyo ni ya gharama kubwa, na gharama hulipwa kwa sukari ya mmea. Tena ina taksiri yake, maana oksijeni hukiharibu kimeng'enya hicho, ilhali bakteria hawezi kupata nguvu ya kazi bila ya kuivuta oksijeni hiyohiyo. Mmea huutatua mgogoro huo kwa protini iitwayo leghimoglobini, ndugu ya himoglobini ya damu yetu, ambayo huishika oksijeni na kuigawa kwa kipimo, kama bawabu wa ghala mwaka wa njaa. Huo ndio wekundu ulioonekana ukuchani.

Wala mmea haumkirimu mvivu. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliizungushia mizizi ya soya hewa isiyo na naitrojeni, bakteria wakashindwa kulipa deni lao pasipo hiari yao. Nao mmea ukawapunguzia oksijeni, hata wakazaana takriban nusu tu ya wenzao waliokuwa wakilipa. Na hati ya ubia huu yaweza hata kubadili mikono: huko New Zealand ilidhihirika katika miaka ya 1990 kwamba bakteria waliopandwa shambani pamoja na mbegu walikuwa wamewapa bakteria wenyeji wa udongo ule kipande cha urithi chenye herufi takriban 500,000, na wenyeji, ambao asili yao hawakuwa wabia wa mmea wowote, wakapata uwezo wa kuingia mizizini.

Mkulima wetu naye ana fungu lake katika habari hii. Soya ni mgeni kutoka Asia, na mara nyingi humkosa sahibu yake katika ardhi yetu, ikageuka manjano ingawa mvua ni njema. Dawa yake ni kuzilowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari, kuzipaka unga wenye bakteria, kuzitunza kivulini kwa kuwa jua huwaua, na kuzipanda siku ileile. Mimea ikianza kutoa maua, na ang'oe mmoja, apasue kinundu: akikuta weupe au ukijani, ajue kwamba kazi haifanyiki, akikuta wekundu, basi ubia umesimama, na mahindi atakayoyapanda hapo msimu ujao, mabaki ya soya yakiachwa yaoze shambani, yatapata urithi.