Shabiki, Mpenzi au Mwenzetu? Istilahi za Jumuiya za Wapenzi wa Muziki

Wafasiri na walimu hukutana mara kwa mara na maandishi yanayowahusu watu wapendao muziki wa aina moja, ambao hukutana kwa njia ya mtandao bila kuonana uso kwa uso, na katika kukutana huko hupata faraja na wenzi. Maandishi hayo yana dhana nne zisizopaswa kuchanganywa: yule apendaye muziki, mkusanyiko wao, msaada wanaopeana, na ile hali ya mtu kujiona kuwa ni mmoja wao. Makala haya yanazichunguza dhana hizo na kutoa mapendekezo.

Jambo lenyewe si geni

Chombo ni kipya, lakini jambo lenyewe ni la zamani kwetu. Chama cha taarabu cha Akhwan Safaa kilianzishwa Unguja mwaka 1905, na jina lake la Kiarabu lamaanisha ndugu wenye usafi wa nia. Wala halitaji ala wala nyimbo. Kadhalika ngoma ya beni, iliyoenea pwani na bara katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, ilikuwa na vyama vya Marini na Arinoti, ambavyo wanachama wake walishindana kwa mavazi na nyimbo, na pia walifaana katika maradhi na mazishi.

Tuulinganishe mfano huo na wa leo. Kundi la BTS la Korea ya Kusini lilianza mwaka 2013, na wapenzi wake, walioenea duniani kote, hujiita ARMY. (Hilo ni jina la pekee, na mfasiri asiligeuze kuwa “Jeshi”.) Mwezi Juni 2020 kundi hilo na kampuni yake walitoa dola milioni 1 kwa harakati za kutetea haki za watu Weusi nchini Marekani, wapenzi wao nao wakachanga kiasi kama hicho kwa muda wa siku moja hivi. Tangu Desemba 2022, wanamuziki hao walipoanza kuondoka kwenda kutimiza utumishi wa lazima wa taifa lao, wapenzi hawakutawanyika. Ni dhahiri kwamba muziki ndio uliowakutanisha, lakini kinachowafunga pamoja ni wao kwa wao.

Uchambuzi wa istilahi

(a) Shabiki na mpenzi. Neno shabiki limezoeleka, hasa katika mpira. Hata hivyo, lina dokezo la kushika upande na kupenda kupita kiasi, na ushabiki mara nyingi hutajwa kwa kulaumu. Pale ambapo maandishi hayakusudii lawama, yafaa kutumia mpenzi wa muziki. Kijalizo kisiachwe, kwa kuwa mpenzi peke yake lina maana nyingine.

(b) Jumuiya. Jamii ni pana mno. Chama hudokeza katiba, viongozi na ada. Kundi halionyeshi uhusiano wowote baina ya waliomo, na katika habari za muziki huwahusu zaidi wapigaji na waimbaji. Twapendekeza jumuiya ya wapenzi wa muziki mtandaoni.

(c) Kufaana. Msaada hutoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho. Ufadhili ni wa fedha. Kuunga mkono ni kukubaliana na hoja au kushika upande. Yanayotendeka katika jumuiya hizi huenda pande zote mbili: anayeliwazwa leo ndiye atakayeliwaza kesho. Kiswahili kina kiambishi cha kutendana kwa kazi hiyo hasa: kufaana, kuliwazana, kutiana moyo. Wahenga walikwisha sema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

(d) Kuwa mwenzao. Hapa ndipo wafasiri wengi hujikwaa. Kumilikiwa ni kosa, maana humfanya mtu kuwa mali. Hapana haja ya kuunda nomino mpya. Mwenzetu na mwenzao hutosha. Twapendekeza kujiona kuwa mwenzao.

Kwa nini uteuzi huu una uzito

Tuchukue mfano wa fomu ya ushauri nasaha kwa wanafunzi. Swali likifasiriwa “Nani hukusaidia?”, mwanafunzi atafikiria karo na chakula, na huenda akajibu kwamba hana mtu. Likiulizwa “Unapohuzunika, humweleza nani?”, huenda akawataja wenzake ambao hajapata kuwaona, waliokuwa wakimliwaza usiku baada ya usiku. Mshauri aliyepata jibu la kwanza atadhani kwamba mtoto huyu yu peke yake. Aliyepata la pili atajua pa kuanzia. Na ripoti itakayoandika kwamba mwanafunzi huyo “ana ushabiki” itakuwa imemhukumu kabla ya kumsikiliza.

Hata hivyo, mfasiri asipambe. Mwenzi wa mtandaoni aweza kuliwaza na kuchanga, lakini hawezi kumshika mgonjwa mkono wala kubeba jeneza, kama walivyofanya wana beni. Pia kuna wajiitao wenzi kwa hila. Kwa hiyo mtandaoni lisiachwe katika istilahi: humkumbusha msomaji nguvu ya jumuiya hizo na mpaka wake.

Wasomaji wenye mapendekezo mengine wanaombwa wayalete pamoja na mifano ya matumizi, ili yajadiliwe kabla ya kusanifishwa.