Jirani, Punguza Sauti ya Redio

Mabati ya Kawangware hayana siri. Mama wa nyumba ya pili akipigwa usiku, wewe waongeza sauti ya redio: eti ni mambo ya mume na mke. La! Sheria ya 2015 dhidi ya dhuluma za kinyumbani yakuruhusu hata wewe jirani kupiga ripoti. Simu 1195 haina malipo. Kukipambazuka, abirini nambari 46 hadi Hurlingham. Huko Hospitali ya Nairobi Women's, tangu 2001, huwatibu waliodhulumiwa bure. Na akikuuliza, "Nitalala wapi na watoto?" mwambie mahakama yaweza kumwondoa mpigaji, hata kama nyumba ni yake. Mawakili wa FIDA, waliopo tangu 1985, humsaidia asiye na pesa kuandika ombi hilo. Siku ya kwenda kortini, mshikie mtoto.