Zuhura juu ya milima ya Uvira

MWAKA 1957 hakimu mmoja Mfaransa aliyefanya kazi Brazzaville, jina lake Charles Boyer, alianza kuipiga picha sayari ya Zuhura kutoka mjini humo. Hakuwa mtaalamu wa elimu ya nyota. Kazi iliyompa mkate ilikuwa sheria. Nyota zilikuwa mapenzi yake ya baada ya kazi. Darubini yake ilikuwa na kioo cha upana wa sentimita 25 hivi, kitu kidogo sana mbele ya mitambo ya Ulaya na Marekani.

Ukiitazama Zuhura kwa mwanga wa kawaida huoni kitu zaidi ya weupe. Sayari yote imefunikwa na mawingu mazito ya tindikali, na chini yake kuna joto la nyuzi 460 na zaidi, linaloweza kuyeyusha risasi. Boyer, akishirikiana na rafiki yake Henri Camichel wa kituo cha Pic du Midi kule Ufaransa, alitumia kichujio kinachopitisha miale ya urujuani na ile ya urujuanimno ambayo macho yetu hayaioni. Hapo mawingu yakaonyesha madoa meusi. Akapiga picha siku baada ya siku, akazipanga mezani, akagundua kwamba doa lile lile, lenye umbo la herufi Y iliyolala, lilikuwa likirudi kila baada ya siku nne. Maana yake ni moja: mawingu ya Zuhura yanaizunguka sayari nzima kwa siku nne.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1960, na wakubwa wa fani hawakuyapokea kwa mikono miwili. Miaka hiyo hiyo ya 1960 mitambo ya rada ilionyesha kwamba ardhi ya Zuhura huchukua siku 243 kujizungusha mara moja, tena kwa kurudi kinyumenyume. Sasa ni upepo gani utakaokimbia mara 60 kuliko ardhi iliyo chini yake? Jibu lilikuja Februari 1974, pale chombo cha Marekani, Mariner 10, kilipopita karibu na Zuhura na kupiga picha kwa miale ile ile ya urujuanimno. Upepo huo upo, na kasi yake huzidi kilomita 350 kwa saa. Hakimu wa Brazzaville alikuwa ameona sawasawa.

Nimeanza na habari hii kwa sababu ya ramani. Brazzaville iko nyuzi 4 na kidogo kusini mwa ikweta. Bujumbura iko nyuzi 3 na kidogo, kusini vilevile. Anga aliyoitumia Boyer ndiyo hii tunayoianikia nguo. Huku kwetu Zuhura inapokuwa nyota ya jioni hupanda juu vizuri, hailali pembeni kama inavyofanya miezi mingine huko Ulaya ya kaskazini, ambako mwanga wake hulazimika kupita katika hewa nzito ya upeo wa macho na picha ikatoka imechafuka.

Nilipowaeleza wanafunzi wangu, mmoja alinyoosha mkono. "Lakini mwalimu, hata huyo alikuwa Mzungu." Kweli, tena mtumishi wa serikali ya kikoloni. Sikuwa na la kubisha, isipokuwa kumwambia kwamba darubini ninayo na Zuhura ingekuwepo jioni ile ile.

Darubini yenyewe ina kioo cha milimita 114. Ilikuwa imetumika, na nilinunuliwa Dar es Salaam na mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge anayepita Kabanga na Kobero kila mwezi. Mpakani ilimpa kazi. Bomba jeusi la urefu wa karibu mita moja, lenye miguu mitatu ya chuma, si mzigo wa kupitisha kimyakimya katika nchi zetu hizi, na mama wa watu alilazimika kulifungua na kuwaonyesha waliokuwepo mlima wa mbali ukiwa kichwa chini miguu juu. Walicheka, akapita. Kishikio cha simu nilitengenezewa na fundi wa magari wa Buyenzi kwa kipande cha bati na bolti mbili, na hadi leo hakijalegea.

Picha zangu ni za kipindi cha Desemba 2024 hadi Machi 2025, Zuhura ilipokuwa upande wa magharibi jioni, juu ya ziwa na milima ya Uvira. Msomaji anayeishi huku anakumbuka miezi ile ilikuwaje. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, na watu wakaanza kuvuka mto Rusizi kwa makumi ya maelfu, wengine kwa kuogelea, wakakusanywa uwanja wa Rugombo. Siku zile zile Zuhura ilikuwa imefikia kilele cha mng'ao wake. Jirani yangu alisema wazi kwamba ile si nyota, ni droni. Wengine walidhani ni taa ya wavuvi wa ndagala, mpaka walipotambua kwamba mtumbwi haupai.

Kuelekeza bomba upande wa Kongo katika majuma kama hayo si mchezo. Kwa hiyo nilikwenda kwanza kwa shefu wa karitiye.

"Mwalimu, unatafuta nini kule?" aliniuliza.

"Ile nyota, shefu. Njoo uone mwenyewe."

Alikuja na watu wawili. Alichungulia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akasema kwamba mwezi ule ni mdogo mno. Nikamwambia si mwezi. Alipoinua kichwa na kuona hakuna mwezi upande ule, alirudi kuchungulia. Baada ya hapo hakuna aliyenisumbua, ila nililazimika kuipiga picha mbele ya umati wa watoto, na watoto huitikisa miguu ya darubini.

Kwa anayetaka kujaribu, kazi si ngumu. Watu wengi hungoja giza, na hapo ndipo wanapokwama, kwa sababu Zuhura inang'aa kiasi kwamba gizani simu huigeuza kuwa doa jeupe lililovimba. Muda mzuri ni mara tu jua linapozama, saa 12 jioni na dakika zake, anga ikiwa bado ya buluu. Gusa skrini juu ya sayari, shusha mwanga mpaka kingo zake zionekane. Usielekeze darubini magharibi kabla jua halijazama kabisa, na mtoto asiachiwe kabisa, kwani jua likiingia ndani ya kioo hupofua jicho kwa kufumba na kufumbua.

Halafu usipige picha moja. Piga video ya dakika moja au mbili. Hewa hucheza kama maji yanayochemka, hasa juu ya mabati yaliyoshinda na jua, lakini ndani ya video kuna vipande vichache ambamo hewa ilitulia kidogo. Programu kama AutoStakkert, inayopatikana bure, huvichagua vipande hivyo na kuvilaza kimoja juu ya kingine mpaka picha safi itoke. Katika vipande 2,000 mimi hubakiza 200, jioni nyingine 100 tu. Jioni nzuri kwetu ni ile ambayo mvua imekatika alasiri na vumbi limekwisha kulala. Miezi ya kiangazi, pamoja na ukavu wake, huwa na ukungu wa moshi na vumbi unaomeza milima yote ya ng'ambo. Umeme ukikatika wala usihuzunike. Zuhura haijali taa za barabarani.

Nilichokipata ni picha nne zinazostahili kuonyeshwa. Mapema Desemba Zuhura ni kidude kidogo kilichojaa zaidi ya nusu. Karibu na Januari 10 imekatika nusu kamili. Katikati ya Februari ni hilali nono. Mapema Machi ni hilali nyembamba kama ukucha, lakini upana wake ni karibu mara tatu ya ule wa Desemba.

Nilizibandika ukutani bila maelezo. Somo lilipangwa kwa Kifaransa, lakini wiki ile darasani alikuwemo kijana aliyetoka Uvira asiyejua Kirundi, na katika mabishano Kiswahili ndicho kilichoshinda. Mimi niliyefundishwa sayari hizi kwa Kiswahili kule Ulyankulu, wakati bado zikihesabiwa tisa, sikuwazuia. Wengi walisema Zuhura inaliwa kama mwezi unavyoliwa. Yule kijana wa Uvira ndiye aliyekataa. Mwezi ukiliwa haunenepi, alisema, na hii inapoliwa inazidi kuwa kubwa, kwa hiyo lazima inasogea huku kwetu. Kutoka hapo walihitaji dakika kumi, vipande vya chaki na taa ya simu kufika alikofika Galileo mwaka 1610: Zuhura inalizunguka jua, wala haituzunguki sisi. Mapema Desemba ilikuwa umbali wa karibu kilomita milioni 150, mapema Machi karibu milioni 50. Tarakimu hizo niliwapa mimi. Kusogea walikuona wenyewe.

Jambo ambalo picha zangu hazionyeshi ni lile doa la Boyer. Kichujio halisi cha urujuanimno kinazidi mshahara wangu wa mwezi, na kioo cha kamera ya simu huizuia sehemu kubwa ya miale hiyo hata ukikipata. Na kazi ya kuyatazama mawingu yale haijaisha. Chombo cha Wajapani, Akatsuki, kilichoizunguka Zuhura tangu Desemba 2015, kilipoteza mawasiliano Aprili 2024, na picha za watu wa kawaida wenye darubini nyumbani ni miongoni mwa zinazotumiwa na wataalamu kufuatilia mawingu hayo siku kwa siku.

Zuhura hurudia mwendo wake kila siku 584, na kila baada ya miaka 8 hurejea karibu tarehe zile zile, kwa hiyo aliyeikosa hilali ya Machi 2025 ataikuta tena Machi 2033, mbali na nyingine za katikati. Kipo kichujio cha bei nafuu cha rangi ya urujuani, ambacho kwa kamera nzuri huweza kuonyesha madoa kwa mbali. Namba yake ni 47. Mama wa vitenge nimemwandikia namba hiyo kwenye kipande cha karatasi, na anasema akikikosa Kariakoo atamwagiza mwenzake anayekwenda Dubai.