Njiwa Katika Paa la Nyumba: Waondolewe Bila Sumu

Katika mji wa Bariadi, na vilevile Itilima, Maswa, Meatu na Busega, njiwa ni ndege wa nyumbani. Wapo wanaofugwa katika vibanda vya mbao, na wapo waliohama vibanda hivyo wakaweka makao chini ya mapaa ya bati na juu ya dari. Mwenye nyumba huwavumilia hadi aonapo kinyesi chao katika mfereji unaopeleka maji ya mvua kwenye tangi. Hapo ndipo huanza kutafuta dawa.

Simiyu ni mkoa wa pamba, na katika kaya nyingi haikosekani chupa ya kiuatilifu iliyobaki baada ya msimu. Kishawishi cha kuloweka mtama au mahindi katika dawa hiyo na kuyamwaga uani ni kikubwa. Tunamsihi kila mwananchi asifanye hivyo.

Kwa nini sumu ya shambani haifai

Baadhi ya viuatilifu vya pamba huua kwa kuvuruga mawasiliano ya mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo anayo mdudu, anayo njiwa, na anayo mtoto anayecheza uani. Punje iliyokusudiwa njiwa huokotwa pia na kuku. Njiwa aliyekula sumu huweza kuruka na kuangukia kwa jirani, akaliwa na mbwa, paka, au mtu asiyejua kilichomuua. Zaidi ya hayo, njiwa aliyeuawa huenda akawa mali ya jirani.

Sheria ya Afya ya Mimea Namba 4 ya mwaka 2020 ndiyo inayosimamia viuatilifu nchini. Kiuatilifu husajiliwa kwa matumizi maalumu, nayo huandikwa kwenye lebo. Dawa iliyoandikwa kuwa ni ya wadudu wa pamba haina kipimo salama cha kutumika uani. Aidha, mnunuzi asikubali dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda au ya maji: haina lebo, haina maelekezo, na mtoto huweza kuidhania kinywaji.

Njia inayofaa

Njiwa hukaa mahali penye chakula, maji na maficho. Akikosa hayo, huhama. Kumkamata na kumwachia mbali hakusaidii, kwa kuwa njiwa ana kipaji cha kurudi makao yake.

1. Ondoa chakula. Nafaka inayoanikwa ilindwe, punje zilizomwagika zifagiliwe, na kuku walishwe kiasi wanachomaliza.

2. Kagua viota kabla ya kuziba. Njiwa hutaga mayai mawili kwa kawaida, huyaatamia kwa siku 18 hivi, na makinda huruka baada ya wiki 4 hadi 5. Ukiziba tundu lenye makinda, yatafia na kuozea juu ya dari.

3. Ziba mchana, ndege wakiwa wametoka. Tumia mbao, bati au wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi sentimita 4. Kingo wanazotua ziwekewe ubao wa mshazari ili wakose pa kusimama.

4. Safisha kinyesi kikiwa kimelowa. Vumbi la kinyesi kikavu huweza kubeba vimelea vya kuvu vinavyodhuru mapafu, na kwa mtu mwenye kinga dhaifu huweza kuleta homa ya uti wa mgongo. Vaa barakoa na glavu, nyunyizia maji ya sabuni, kisha kusanya kinyesi na ukifukie. Kisifagiliwe kikavu.

5. Linda maji. Safisha paa na mfereji kabla ya mvua za vuli, acha maji ya mvua ya kwanza yapite bila kuingia tangini, funika mdomo wa tangi kwa wavu, na chemsha maji ya kunywa.

Ikiwa njiwa ni wa jirani, zungumzeni kwanza kuhusu banda na malisho yao. Mkishindwa kuelewana, mtendaji wa kijiji au mtaa ndiye wa kuwasuluhisha.

Iwapo mtu amekula sumu

Dalili zake ni pamoja na kutokwa na mate na jasho jingi, kutapika, kutetemeka, mboni za macho kusinyaa na kupumua kwa shida. Asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa. Avuliwe nguo zilizolowa dawa, aoshwe ngozi kwa maji na sabuni, naye anayemsaidia ajikinge mikono. Apelekwe mara moja kituo cha afya kilicho karibu pamoja na chupa yenye lebo, maana tabibu huchagua tiba kwa kujua aina ya sumu.

Kiuatilifu kilichobaki kifungiwe mahali asipofika mtoto, ndani ya chupa yake ya asili, na afisa ugani aulizwe namna ya kukiteketeza kwa usalama. Njiwa juu ya dari ni kero inayoondoka kwa wavu na misumari michache. Sumu iliyomwagwa uani haichagui wa kumdhuru.