Mgonjwa Aulizwe Jina Lake

Mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walichanganywa: mwenye maradhi ya goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa mguu. Huyo wa pili baadaye alifariki dunia.

Kosa hilo laweza kutokea hata kwetu Sumbawanga. Mgonjwa aliyesafiri kutoka Laela, maumivu yamemzidi, huweza kuitikia jina lolote aitwalo.

Kinga ipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ukihusisha hospitali nane duniani, ikiwamo ya Ifakara, ulionyesha kuwa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa, likiwamo jina la mgonjwa, ilipotumika, vifo baada ya upasuaji vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Basi muuguzi na aulize jina kamili, nasi jamaa tuhakikishe limetajwa. Kuuliza si ujinga.