Shamba la Michungwa Mikononi mwa Mtu Mmoja

Katika Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, michungwa ni urithi wa familia nyingi. Mara nyingi, hata hivyo, urithi huo hubaki mikononi mwa mtu mmoja: mjane, au mtoto pekee aliyebaki kijijini baada ya wazee kufariki na ndugu kuhamia mjini. Mwanachama wa namna hiyo hupalilia, hulinda, huchuma na kuuza peke yake. Maisha yanapopanda gharama, shamba lake huwa la kwanza kuyumba.

MATUNDA KUUZWA YANGALI MABICHI

Hasara kubwa hutokea kabla ya mavuno. Mahitaji ya shule au ya matibabu hudai fedha wakati matunda hayajaiva. Mchuuzi naye huja na fedha taslimu, akanunua shamba zima kwa kukadiria kwa macho.

Uchukuliwe mfano wa hesabu. Michungwa 100 yenye matunda 300 kila mmoja hutoa machungwa 30,000. Yakiuzwa yote mtini kwa shilingi 600,000, kila chungwa limeuzwa kwa shilingi 20. Iwapo bei ya shambani wakati wa mavuno ni shilingi 50, thamani yake ni shilingi 1,500,000. Hata zikitolewa shilingi 300,000 za ulinzi na uchumaji, mkulima amepoteza shilingi 600,000, yaani sawasawa na zile alizopokea.

Mwaka unaofuata hana fedha za palizi, mavuno hupungua, naye hulazimika kuuza mapema zaidi. Hivyo ndivyo shamba linavyopotea pasipo kuuzwa.

KAZI ZISIZONGOJA

Mtu mmoja hawezi kutimiza kazi zote. Hana budi kuchagua.

Kwanza, aokote matunda yaliyoanguka na kuyafukia katika shimo lenye kina cha futi 2 au zaidi, kwa kuwa ndani yake hukulia funza wa nzi wa matunda. Nzi mharibifu mwenye asili ya Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003.

Pili, akate machipukizi yanayoota chini ya kiungo cha mche uliobebeshwa. Hayo hunyonya nguvu ya mti wala hayazai chungwa lililokusudiwa.

Tatu, achume kwa awamu. Chungwa halizidi kuiva likishachumwa, lakini lililoiva laweza kukaa mtini majuma kadhaa, mradi nzi wadhibitiwe.

WAJIBU WA CHAMA CHA MSINGI

Makatibu wanashauriwa kutekeleza yafuatayo:

(a) Kuorodhesha miti ya kila mwanachama na kukadiria mavuno kabla wachuuzi hawajafika, ili asiwepo anayeuza pasipo kujua alichonacho.

(b) Kupanga ujima wa palizi na uchumaji, na kuandika zamu za kila mmoja daftarini.

(c) Kutoa mkopo mdogo wa miezi ya shida, pale masharti ya chama yanaporuhusu, urejeshwe wakati wa mavuno.

(d) Kuihimiza familia ikutane na kuandika muhtasari unaotaja msimamizi wa shamba na haki ya kila ndugu. Anayehofia kunyang'anywa shamba hapandi miche mipya, kwani mche huhitaji miaka 3 au 4 kabla ya kuzaa.

Mkono mmoja haulei mwana. Mwanachama aliye peke yake aeleze shida yake mapema; katibu naye asingoje kuombwa.