Kikohozi cha Babu: Kweli au Si Kweli?

Mwezi wa Agosti, upepo unapotimua vumbi la Dodoma, nusu ya jiji hukohoa. Ndiyo maana kikohozi cha mzee hakimshtui mtu. Anakohoa alfajiri, anakohoa usiku, na watoto wake wanaambiana, "Babu kazeeka tu." Maneno ya namna hii nimeyasikia sana kwenye mabenchi mbele ya dirisha la wazee hospitalini, yakisemwa na watu wanaowapenda wazazi wao kwa dhati. Tuyapime.

"Saratani ya mapafu ni ugonjwa wa wazee."
KWELI kwa sehemu kubwa. Marekani, nusu hivi ya wanaogundulika nayo wamefika miaka 70 au wameipita. Kadiri miaka inavyokwenda, makosa hujilimbikiza kwenye chembe za urithi, na kinga ya mwili hulegea. Lakini uzee wenyewe si mbegu ya saratani. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba seli za mapafu zilizozeeka hushindwa kutumia vizuri madini ya chuma, hivyo hupoteza nguvu ya kuzaliana, na hata uvimbe hupata shida kuanza. Maana yake kwetu ni kwamba madhara mengi huenda yakaingia mapema. Sigara ya kijana wa miaka 20 pale stendi inahesabiwa.

"Bibi hajawahi kuvuta sigara, hawezi kuipata."
SI KWELI. Sigara ndiyo kisababishi kikuu, lakini si pekee. Ingia kwenye tembe la Kigogo wakati wa kupika. Paa ni la udongo, tambarare, na matundu ya kupitisha hewa ni madogo. Boriti zimekuwa nyeusi tii kwa masizi. Mama ameinama kwenye mafiga, anapuliza kuni chini ya chungu cha mlenda, machozi yanamtiririka, na mjukuu amelala mgongoni. Bibi ameishi hivyo tangu akiwa binti. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, limeuweka moshi wa kuni za nyumbani kwenye kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani.

"Amepimwa makohozi, TB hakuna, basi hana kitu."
SI KWELI, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kipimo cha makohozi kinatafuta vimelea vya kifua kikuu tu. Kisipoviona, hakijasema kikohozi kimetoka wapi. Wengine hurudi nyumbani na dawa ya kikohozi, wengine huanzishiwa dawa za TB kwa sababu picha ya kifua ina kivuli, na miezi inakatika. Mzee anakonda, sauti inakwaruza, kitambaani panaonekana damu, na bado tunasema ni umri. Majibu ya TB yakiwa safi, safari ndiyo inaanza: eksirei, CT scan, halafu kuchukua kinyama kikapimwe maabara. Bila kinyama hakuna anayeweza kusema kwa uhakika.

"Kisu kikigusa uvimbe, saratani inasambaa."
SI KWELI. Wengi hufika hospitali ikiwa imeshasambaa, kisha kisu kinalaumiwa.

"Amevuta miaka 40, kuacha sasa ni bure."
SI KWELI. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50, kuanzia 1951, walionyesha kwamba aliyeacha akiwa na miaka 60 aliongeza takriban miaka 3 ya kuishi.

"Mzee wa miaka 75 hawezi kuhimili dawa za saratani."
SI KWELI kwa jumla. Mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa walitangaza matokeo ya wagonjwa 451 wa saratani ya mapafu iliyokomaa, wenye miaka 70 hadi 89. Nusu ya waliopewa dawa mbili kwa pamoja waliishi zaidi ya miezi 10.3, na nusu ya waliopewa moja zaidi ya miezi 6.2. Dawa mbili zilikuwa na madhara makali zaidi, na baadhi ya wagonjwa yaliwazidi nguvu. Kwa hiyo kupima nguvu za mgonjwa ni lazima: Anatembea mwenyewe? Moyo na figo zikoje? Uzito umeshuka kiasi gani? Anameza dawa gani nyingine, na nyumbani anaye nani? Kuna mzee wa miaka 78 anayelima shamba lake Kongwa, na kuna wa miaka 62 asiyeweza kufika mlangoni. Mwingine atachagua kutulizwa maumivu tu, na huo ni uamuzi wake, si wa wanawe wanaonong'ona nje ya chumba.

Basi, kama una mzee nyumbani anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, mpeleke kituo cha afya. Akiambiwa hana TB naye bado anakohoa, usiondoke kabla hujauliza: "Daktari, sasa tunatafuta nini kingine?"